Alama nzuri, sketi hakuna: kisa cha mwanafunzi wa ushonaji mwenye ulemavu wa akili

Mwishoni mwa muhula wa pili, mwanafunzi mmoja wa ushonaji katika chuo cha ufundi hapa Tanzania alipewa kitambaa, mtu wa kumpima na saa nne, ashone sketi ya kawaida yenye zipu. Saa zilipokwisha, mezani kwake kulikuwa na vipande viwili visivyolingana: kimoja kimekatwa kwa kuacha nafasi ya mshono, kingine kimekatwa juu ya mstari wa chaki. Nyonga za mteja hazikupimwa kabisa. Zipu ilikuwa bado ndani ya nailoni yake.

Kufeli jaribio si habari. Habari ilikuwa daftari la alama. Kazi zake za muhula mzima, sketi mbili zikiwemo, zilikuwa na alama za sabini na kitu kila moja. Mwalimu wa karakana aliniletea ofisini daftari pamoja na vile vipande, akaviweka juu ya meza. "Madam," akasema, "kimoja kati ya hivi viwili kinadanganya."

Mimi ni mshauri wa wanafunzi, na wanafunzi wenye ulemavu hupitia kwangu. Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya mwenyewe, na mambo machache nimeyabadilisha asitambulike. Nakiandika kirefu kwa sababu vyuo vingi vinapokea vijana wa namna yake, na kinachoandikwa juu yao mara nyingi huishia kwenye kwamba wapokewe. Baada ya kupokewa, Jumatatu asubuhi, kitambaa kiko mezani. Hapo maandishi huwa machache.

Binti alikuwa na miaka 21. Amezaliwa na sindromu ya Down, yaani kromosomu ya 21 anayo mara tatu badala ya mara mbili. Shule ya msingi alisoma kwenye kitengo cha elimu maalum, wakamfundisha kusoma sentensi fupi, kufua, kupika, na kushona kwa mkono. Anajumlisha akiwa na vitu vya kushika. Kugawanya hawezi. Anaimba kwaya, anajua jina la kila mtu chuoni hadi mlinzi wa usiku, na karakana hufika kabla haijafunguliwa. Siku ya kwanza mlezi wa bweni aliniuliza anatumia dawa gani, zisije zikamwishia. Ilibidi nieleze kwamba ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili: hakuna kinachompanda na kushuka, hakuna kidonge. Kujifunza kwake ni kwa polepole, mambo ya kufikirika yanampa shida, baadhi ya shughuli za kila siku anahitaji kusaidiwa, na hali hiyo amekua nayo tangu utoto.

Kikao cha walimu kilikuwa na kambi mbili. Wa kwanza walisema arudishwe nyumbani, tumewadanganya wazazi wake vya kutosha. Wa pili walisema apewe alama ya kupita yaishe. Cheti chake nani ataumia nacho? Kambi hii ya pili ilikuwa na watu wapole zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu wa kwanza angalau walikuwa wanaitazama sketi.

Kwa upande wa kurudishwa nyumbani, jibu lilikuwa fupi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 24 ya mkataba haiishii kwenye shule ya msingi. Inataja elimu ya juu, mafunzo ya ufundi na elimu ya watu wazima, na inataka wapatiwe marekebisho yanayofaa. Hilo lilifunga mjadala wa mlango wa kutokea. Halikusema lolote kuhusu zipu.

Niliomba kukaa karakana nitazame tu, nisifundishe wala kusaidia. Kabla ya hapo tulikaa na mwalimu wa karakana tukaivunja ile sketi katika hatua ndogo ndogo, kuanzia kuweka futikamba kiunoni kwa mteja hadi kupasi pindo. Tulipata hatua 34. Fundi mzoefu hazioni zote hizo. Kwake "kata" ni neno moja. Kwa binti lilikuwa hatua sita: laza kitambaa, kikunje uso kwa ndani, weka pini, chora robo ya kiuno na robo ya nyonga, ongeza nafasi ya mshono, ndipo mkasi. Kwenye kila hatua niliandika herufi moja: P akifanya peke yake, N akihitaji neno, M ukiingia mkono wa mtu mwingine kwenye kazi.

Ukurasa ulipojaa, ulikuwa na P nyingi kuliko alivyotarajia yeyote. Kuandaa cherehani, P. Mshono ulionyooka, P, na ulinyooka kuliko wa wengi. Kupasi, kushona pindo kwa mkono, vifungo, kuondoa nyuzi, zote P. Herufi M zilirundikana sehemu tatu: hesabu ya robo, kukata, na zipu.

Ila mikono yenyewe ilikuwa ya nani? Zipu ilishonwa na rafiki yake wa meza ya jirani. Hakuombwa. Alisema "lete," akakichukua kitambaa, akamaliza, akakirudisha, na binti akashukuru. Kukata ilikuwa kwa mwalimu mwenyewe. Alifika, akasema "ngoja nikuoneshe," akaanza kuonesha, akaonesha hadi kitambaa chote kikawa kimekatwa. Namwelewa. Kitambaa kinanunuliwa na mzazi, na mkasi ukishapita haurudi. Ila tulipoihesabu kazi nzima, zile sabini na kitu zilikuwa alama za benchi zima, na siku ya jaribio benchi lilikatazwa kumkaribia.

Hakuna aliyefanya udanganyifu kwa nia mbaya, na ndiyo sababu haikuonekana. Mwanafunzi mwingine akisaidiwa hivyo angekataa, au angeona aibu, au mwalimu angemwita pembeni. Kwake kila mtu aliona ni wema. Yeye mwenyewe alijua kwamba zipu hajui kushona, nilipomuuliza alijibu papo hapo: "Zipu anashona yeye." Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jambo la pili lililoonekana pale karakana halikuwa la akili kabisa. Uzi. Kila ulipokatika alikaa akingoja mtu amtungie kwenye sindano, na mwalimu alikwishaandika kwenye fomu yake kwamba "hana umakini". Nilipomtazama akijaribu, alikuwa anaisogeza sindano mbali na uso, halafu karibu, halafu mbali tena. Watu wengi wenye sindromu ya Down wana shida ya kuona kitu cha karibu tangu wakiwa watoto, na masikio yao huziba kwa urahisi kwa sababu njia ya sikio ni nyembamba. Kwa mtu mwingine tungewaza macho mara moja. Kwake kila kitu kilikuwa kimeshapewa jina moja, ulemavu wa akili, na hospitali haikumjia mtu kichwani. Kliniki ya macho ilimpa miwani ya kazi za karibu. Sikio la kushoto lilitolewa nta ngumu iliyokuwa imekaa humo sijui tangu lini, na tukamhamisha kutoka meza iliyokuwa karibu na kelele za mashine ya ovaloki, ile ya kuziba kingo za kitambaa. Wiki zilizofuata, sehemu kubwa ya zile N ziligeuka P bila kufundishwa jambo jipya. Alikuwa anaziona alama ndogo za futikamba, na anasikia anachoambiwa.

Ningekuwa na uwezo, hakuna mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili angeandikiwa mpango wowote wa msaada kabla ya kupimwa macho na masikio.

Sasa hesabu. Kupata robo ya nyonga za inchi 38 ni kugawanya, na jibu lina nusu ndani yake. Walimu walikuwa wamejaribu jedwali la kugawanya, kikokotoo cha simu, na karatasi yenye majibu tayari. Kikokotoo kilimpa 9.5, naye akatafuta namba tisa na namba tano kwenye futikamba. Karatasi ya majibu ilifanya kazi hadi alipokuja mteja ambaye kipimo chake hakikuwemo.

Njia iliyofanya kazi tuliipata kwa fundi mmoja wa sokoni anayeshona chini ya mwamvuli. Hagawanyi. Anashika 38 kwa kidole gumba, anaileta hadi kwenye ncha ya chuma inayoanza futikamba, inajikunja katikati. Anakunja tena mara moja. Mkunjo anaulaza juu ya kitambaa, na pale unapoishia anaweka chaki. Hiyo ndiyo robo, na namba yake hakuisoma. Binti alionyeshwa, akafanya, akakosea kwa kuanzia kwenye namba 1 badala ya ncha ya chuma. Tukafunga uzi mwekundu kwenye ncha ile, na kosa halikurudi. Nafasi ya mshono akapewa kipande cha boksi chenye upana wa inchi moja: anakibandika pembeni ya mstari wa kwanza na kuchora mstari wa pili. Mkunjo wa kiunoni ukapata boksi lake la rangi nyingine.

Mwalimu wa karakana hakufurahi. "Hiyo ni ya mafundi wa mtaani. Hapa wanafunzi wanakokotoa." Tulibishana kwa muda, na ubishi wenyewe ulikuwa na faida kuliko vikao vyote. Nilimwomba tufungue karatasi yake mwenyewe ya kutathmini kazi ya vitendo. Iliuliza kama vipimo ni sahihi, kama vipande vinalingana, kama sketi imemkaa mteja. Kukokotoa kulikuwa kwenye karatasi ya nadharia. Kwa hiyo kwenye vitendo kinachopimwa ni sketi kumkaa mteja, na njia ya kufika hapo ni ya fundi. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi nchini, na vyuo vinavyofuata mkondo wake vinatangaza mafunzo yanayozingatia umahiri. Kama ni hivyo, aliyekunja na aliyegawanya wakileta sketi inayokaa, wote ni mahiri wa sketi. Kumlegezea kipimo, akapita na sketi isiyokaa kwa kuwa ana ulemavu, hilo lingekuwa jambo jingine, na nilimhakikishia ningelipinga pamoja naye.

Alikubali, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Kwenye blauzi, mviringo wa mkono na kola, atakunja nini?" Ni kweli. Kuchora mikono ya blauzi kunadai kufikiri umbo ambalo bado halipo, na hakuna boksi la inchi moja litakaloziba pengo hilo. Tukaandika hivyo: blauzi, hajafanya. Tuliandika "hajafanya" badala ya kuziba mstari kwa alama ya huruma. Kwa mwalimu lilikuwa jambo dogo la daftari. Kwangu ilikuwa nusu ya kazi nzima.

Maelekezo nayo yalibadilishwa. Karakana ilikuwa na desturi ya kutoa amri tano kwa mkupuo: pima kiuno, andika, pima nyonga, andika, halafu urefu, ukimaliza njoo. Binti alifanya ya kwanza na ya mwisho. Wenye sindromu ya Down kwa kawaida hushika vizuri wanachokiona kuliko wanachokisikia, na maneno mengi mfululizo hupotea. Tulipiga picha kila hatua kwa simu, kwa mikono yake yeye na kitambaa chake, tukazichapa na kuzitia kwenye pete moja. Picha moja, hatua moja. Akimaliza anaigeuza. Picha za kitabuni tulizijaribu kwanza zikamchanganya, kwa sababu cherehani ya kitabuni ilikuwa ya umeme na yake ni ya kukanyaga.

Kwa wanafunzi wenzake tuliweka sharti moja tu: mkono wa mtu usiguse kitambaa chake. Anayetaka kumwonyesha aonyeshe kwenye kitambaa chake mwenyewe. Na kabla ya kusema lolote, asubiri. Kusubiri ndiko kulikokuwa kugumu, kwa walimu zaidi ya wanafunzi. Kuna ukimya wa kama nusu dakika ambapo anaangalia picha, anaangalia kitambaa, anaangalia picha tena. Mtu mzima yeyote aliye karibu huwashwa mdomo. Mara nyingi mwishoni mwa ukimya ule anafanya. Ukiukatisha, unapata N badala ya P, na kesho atakungoja.

Sharti hilo lilileta madhara ambayo hayakuwa kwenye mpango. Urafiki wa pale mezani ulikuwa umejengwa juu ya kusaidiwa. Msaada ulipozuiwa, marafiki nao wakapungua. Kwa siku kadhaa alikula peke yake. Yule wa zipu aliniambia kwa ukweli kabisa: "Madam, sasa nikikaa naye nafanya nini?" Kilichowarudisha si mahubiri. Msimu wa kukabidhi kazi ulifika, na wanafunzi walikuwa na vifungo na mapindo ya kushona kwa mkono hadi usiku. Yeye ndiye mwenye mkono mzuri wa vifungo kuliko wote. Mwalimu alimweka kwenye meza ya kumalizia, na foleni ikawa kwake.

Hadi hapa kila kitu kilihusu jinsi ya kushona sketi. Hakuna aliyekuwa ameuliza kama anataka kushona sketi. Fomu ya usajili ilijazwa na baba. Kikao cha wazazi kilipofika, mama alijibu kila swali, hata la "unajisikiaje?", na binti alikuwa anatazama dirishani. Baba alikuwa na mpango uliokamilika: cheti, cherehani, fremu karibu na nyumbani, yeye mwenyewe atasimamia. Ni mpango wa upendo. Binti alipoulizwa kama ameupenda alisema ndiyo. Nilipouliza kama angependa kupika badala ya kushona alisema ndiyo pia.

"Ndiyo" za namna hii zinajulikana sana kwa watu wenye ulemavu wa akili. Wengi wamekua wakijifunza kwamba jibu linalomfurahisha anayeuliza ndilo jibu sahihi. Kwa hiyo sikuuliza tena kwa maneno. Nilichukua picha za kazi mbalimbali za ushonaji, zikiwemo kumpima mteja, kushona sare, mashuka na foronya, magauni ya harusi, kushona peke yake nyumbani, kushona kwenye chumba chenye watu wengi, nikamwomba azipange: napenda huku, sipendi huku. Siku nyingine nikazichanganya, akapanga tena. Kila mara kumpima mteja kulikwenda kwenye sipendi, pamoja na kushona peke yake nyumbani. Mashuka, foronya na chumba chenye watu zilikaa upande wa pili. Nilipomuuliza kuhusu kupima, alisema hapendi kushika watu asiowajua.

Ukitazama ukurasa wa P na N na M, alichokitaka ndicho alichokiweza: mistari mirefu iliyonyooka, hakuna mteja, hakuna zipu. Fremu ya baba ilikuwa na vyote asivyovipenda. Baba alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Sisi tulifikiri tunamfungulia maisha." Binti ana miaka 21, ni mtu mzima kisheria kama watoto wengine wa baba huyo waliokwishaoa, na Ibara ya 12 ya ule mkataba inasema ana haki ya kuamua mambo yake, akisaidiwa kuamua pale inapobidi. Nililisema kwa upole, kwa sababu wazazi hawa ndio walioweka nauli na ada wakati ndugu wengine waliwaambia wasipoteze hela.

Suala la simu nalipita haraka. Wanafunzi wawili wa bwenini walikuwa wakimwomba awatumie hela, naye akiwatumia, maana alikuwa ametaja namba yake ya siri mbele yao. Mlezi alitaka simu ichukuliwe. Tulibadilisha namba ya siri, tukamfundisha kuificha kwa mkono, hela ya wiki ikawa inatumwa na mama kidogo kidogo, na wale wawili wakaitwa kwa mkuu wa chuo. Simu ilibaki kwake. Wakati huohuo tuligundua kwamba kwenye vipindi vya afya ya uzazi alikuwa akiambiwa akapumzike. Alirudishwa darasani, na vipindi vile akavifuata kwa picha, tena akiwa na maswali mengi kuliko wenzake.

Jaribio la marudio alifanya sketi ileile, kwa masharti yaleyale, isipokuwa muda: tuliuongeza, na tuliomba ruhusa hiyo mapema kwa maandishi, maana marekebisho ya mtihani hayaombwi asubuhi ya mtihani. Pete ya picha ilikuwa mezani, na futikamba yenye uzi mwekundu. Hakuna mtu aliyemkaribia. Alimpima mteja, japo kwa uso wa kutopenda. Alikunja, akachora, akakata. Vipande vililingana. Kiuno kilimkaa mteja, pindo lilikuwa zuri kabisa. Zipu aliishona, ikakunjamana, akaifumua, akaishona tena, ikakunjamana. Muda ukaisha. Kwenye karatasi ya tathmini kila kipengele kiliandikwa alivyokifanya, na zipu ikaandikwa "bado". Alama yake ilikuwa chini ya zile za daftari la zamani, na alipita. Chuo kilimwandikia pia karatasi moja inayoorodhesha kazi anazozifanya peke yake, kwa lugha ya kawaida: anaandaa cherehani, anakata kwa vipimo vya mstatili, anashona mashuka, foronya, mapazia na sketi za lastiki, anapasi, anamalizia kwa mkono. Kwa mwajiri karatasi ile ilikuwa na maana kuliko cheti, kwa sababu kila mstari ulikuwa kweli.

Mwajiri mwenyewe alipatikana kupitia mafunzo kazini: karakana ya watu wachache inayoshona sare za shule na vitu vya hoteli. Sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ya watumishi hao ni wenye ulemavu, lakini karakana hii haifiki hapo, na nyingi za ushonaji hazifiki. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 2 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa watu wenye ulemavu, ilifikiriwa pia, ila yeye hakutaka biashara, alitaka kuajiriwa. Mwenye karakana alimpenda kwa foronya zake, akampa meza kati ya akina mama wawili wazungumzaji, na mwisho wa mwezi wa kwanza akampa "hela ya soda na nauli".

Hapo nilirudi. Wenzake walikuwa wanalipwa kwa kipande. Mwenye karakana alisema kwamba anashona nusu ya wanachoshona wengine, na kwamba kumpokea kwenyewe ni msaada. Nilimwambia nusu ya vipande ni nusu ya malipo, hesabu imejimaliza. Akishona ishirini alipwe ishirini. Tulikagua zilizokataliwa kwa ubovu, na zake hazikuzidi za wengine. Mabishano hayakuwa marefu. Nadhani alikuwa hajawahi kuliwaza kama suala la mshahara, kwa kuwa alilianza kama sadaka. Sasa analipwa kwa kipande, kwenye simu yake, na kasi imepanda kidogo tangu alipojua kila foronya ina bei.

Mwalimu wa karakana ameanza kuwafundisha wanafunzi wote wa muhula wa kwanza kukunja futikamba kabla ya kugawanya. Anasema bado anaamini wanapaswa kukokotoa, na jaribio lake la nadharia limebaki vilevile.

Kilichobaki ni usafiri. Mama anataka apelekwe na kurudishwa na bodaboda wanayemfahamu, na gharama hiyo inakula karibu nusu ya anachopata. Binti anataka daladala. Walikwenda pamoja, mama akakaa siti ya nyuma bila kusema. Binti alishuka kituo kinachotakiwa, na konda alipompa chenji pungufu aliidai, maana nauli ni ileile kila siku na sarafu zake anazijua. Mama amekubali daladala kwa kwenda asubuhi. Jioni, kwa sasa, bado ni bodaboda.